Land Rover 110 yangu: niweke 1KZ ya lita 3.0 au 1HZ ya lita 4.2?

Mleta uzi, Arusha

Wakuu, salaam. Ninaleta jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa majuma matatu, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu swali la injini likiulizwa kwa mistari miwili hujibiwa kwa mistari miwili, na mwenye gari hubaki palepale alipokuwa.

Gari langu ni Defender 110 ya mwaka 1997, iliyokuja na injini ya 300Tdi ya lita 2.5, gia boksi ya R380 na transfa (boksi la pili la gia, lenye gia za barabarani na gia nzito) ya LT230. Kazi yake ni kubeba vifaa vya visima: mabomba, saruji, jenereta, pamoja na mafundi wanne au watano. Njia yake ni Arusha, Mto wa Mbu, Selela, Engaruka hadi Engaresero kando ya Ziwa Natron, na walau mara moja kwa mwezi hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Engaresero kwenda Sonjo na Loliondo. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba chini kule, kwenye mita 600 na ushee kutoka usawa wa bahari, joto la mchana halina huruma, na kwamba ukianza kupanda unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili kwa muda mrefu, upepo ukiwa haupo na vumbi likiwa limekutangulia.

Mwaka juzi mkanda wa taimingi, ule unaooanisha vali na pistoni, ulikatika kilomita chache baada ya Engaruka, vali zikapinda, nikavutwa na trekta. Mwaka huu rejeta ilitoboka, dereva akaendelea kwa matumaini, na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikapinda. Gereji moja ilinitoza fedha nyingi kunyoosha hedi na kuziba ufa ilioukuta kwenye bloku, lakini hazikupita wiki mbili, asubuhi moja nilipochomoa kijiti cha oili nikakuta kimepakwa rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Hapo nikasema basi. Spea za 300Tdi zipo, sibishi, ila si mahali ninapoharibikiwa.

Nimebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni 1KZ ya Toyota, silinda nne, sentimita za ujazo 2,982, yenye turbo, ileile iliyomo kwenye Prado na Surf nyingi za miaka ya 1990. Ya pili ni 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo, ambayo kila mtu anaijua kutoka kwenye Hardtop, ile Land Cruiser ya kazi ya Toyota. Ya kwanza ni nyepesi, fupi na inakula mafuta kidogo. Ya pili ni kubwa, nzito na bei yake iko juu. Swali langu ni hili: je, hizo lita 1.2 za ziada zina faida gani kwangu, au ninataka tu kuwa na injini kubwa kwa sababu kila mtu anaisifia?

Mchangiaji, Mbeya

Mkuu, hakuna cha kufikiri hapo. Chukua 1HZ, ipachike turbo, na hakuna lori litakalokusumbua mlimani. Kuna jamaa huku amefanya hivyo kwenye Hardtop na gari linapaa.

Fundi, Moshi

Ndugu mleta uzi, umeeleza kazi ya gari kabla ya kuuliza injini, na jambo hilo wengi hawalifanyi. Nimefungua injini hizi zote tatu kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo niruhusu nianze na kitu ambacho huenda hutakipenda.

Tazama toki, yaani ile nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm (nyutoni-mita), ambayo ndiyo inayopandisha gari lililobeba. 300Tdi yako, ikiwa nzima, inatoa Nm 265 kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. 1HZ inatoa Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. 1KZ ya kawaida inatoa takribani Nm 290 kwenye mizunguko 2,000, na zile zenye intakula (kipoza hewa ya turbo) hupita Nm 330. Maana yake ni kwamba ile kubwa ya lita 4.2 haikuzidishii nguvu kuliko ile ndogo ya lita 3.0, na zote mbili hazijaiacha mbali injini unayotaka kuitupa. Kama shida yako ingekuwa nguvu, ningekwambia utafute 300Tdi nyingine nzima, uifunge, na uokoe fedha za adapta, yaani bamba la kuunganishia injini ya Toyota na gia boksi yako.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Watu husema 1HZ ni kubwa wakidhani pistoni zake ni kubwa. Si kweli. Pistoni ya 1HZ ina kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa milimita 100. Ya 1KZ ina milimita 96 kwa 103. Pistoni moja ya ile injini ndogo ni nene na ina safari ndefu kuliko pistoni moja ya ile kubwa. Tofauti yao ni kwamba moja ina wafanyakazi wanne na nyingine ina sita. Gawanya toki kwa idadi ya silinda: kila pistoni ya 1KZ inabeba Nm 72 hivi, na kila pistoni ya 1HZ inabeba chini ya Nm 48. Ukipanda ule ukuta wa Engaresero kwa saa nzima huku umekanyaga mafuta, kila silinda ya 1KZ inafanya kazi ya silinda moja na nusu ya 1HZ, na joto lake lote linapita kwenye silinda hedi ya aluminiamu, wakati hedi ya 1HZ ni ya chuma cha kusubu. Hapo ndipo zinapokwenda lita zako 1.2. Hutazisikia kwenye kiti. Utaziona kwenye mshale wa joto.

Kuhusu turbo juu ya 1HZ, namjibu ndugu wa Mbeya kwa heshima. 1HZ ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, na pistoni zake hazikutengenezwa kwa ajili ya kusukumiwa hewa. Ukiiongezea turbo kwa upole, ukaweka kipimo cha joto la moshi na usiguse pampu ya diseli kuiongezea mafuta, huenda ikadumu. Lakini hakuna anayeweka turbo asiguse pampu. Nimeshatoa pistoni za 1HZ za namna hiyo zikiwa na nyufa, na mwenye gari amesimama pembeni akiniuliza kama ni oili mbaya.

Mchangiaji, Nanyuki

Habari zenu. Mimi nina Defender 110 yenye 1KZ-T kwa mwaka wa sita sasa, kwa hivyo nitaitetea kidogo, maana naona imeanza kuzikwa kabla haijafa.

Injini hii iliingia bila kukata chesisi wala kusogeza rejeta. Gari limebaki jepesi mbele, usukani haujawa mzito, na kwenye mchanga pua haizami. Na msisahau mwinuko. Nanyuki tuko karibu mita 1,950. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takribani asilimia 18 kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo huvuta hiyo hiyo hewa nyepesi bila msaada wowote. 1HZ inayotoa farasi 130 pwani hutoa kama 107 huku, halafu inatoa moshi mweusi kwa sababu mafuta ni yaleyale lakini hewa imepungua, isipokuwa kama pampu yake ni ya aina yenye kifaa cha kufidia mwinuko. Turbo inaziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Nikipanda kutoka Isiolo kuja Timau nikiwa na mzigo, ninazipita Hardtop za kazi, nazo zinavuta kama mzee aliyebeba gunia.

Kuhusu silinda hedi, ni kweli, yangu ilipasuka mara moja, katika mwaka wa pili. Lakini nieleze ilivyopasuka. Makanika mmoja alikuwa ameondoa themostati (vali inayoongoza mzunguko wa maji kulingana na joto la injini), akisema injini itakuwa baridi zaidi. Mimi nami nikawa ninajaza maji ya mfereji kila wiki bila kujiuliza yanakwenda wapi. Siku moja asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, niliiwasha na baada ya dakika mbili nikashika paipu ya juu ya rejeta. Maji hayakuwa yamepata moto hata kidogo, lakini paipu ilikuwa ngumu kama rungu. Nikafungua kikombe cha maji nikaona vipovu vinapanda mfululizo kama soda iliyotikiswa. Huo ni mgandamizo wa silinda unaoingia kwenye maji, na ndiyo dalili ambayo kila mwenye 1KZ anapaswa kuijua kabla hajajua namba za gia zake. Nilinunua hedi mpya, nikaweka themostati, dawa ya rejeta badala ya maji matupu, na kengele inayolia maji yakipungua. Miaka minne sasa, haijanisumbua.

Ndugu wa Arusha, hesabu pia mafuta. Mimi ninapata kilomita 10 kwa lita kwenye lami na 8 kwenye barabara ya udongo. Rafiki zangu wenye 1HZ wakipata 7 hutabasamu.

Fundi, Moshi

Ndugu wa Nanyuki umesema vizuri, na ninakubaliana nawe kwamba hedi nyingi za 1KZ huuawa na watu. Ila mleta uzi ametuambia kuwa dereva wake aliona rejeta imetoboka akaendelea. Injini inachaguliwa pamoja na dereva atakayeiendesha. Wewe unaendesha mwenyewe na unashika paipu asubuhi. Yeye yuko ofisini Arusha, na gari liko Engaresero.

Mleta uzi, Arusha

Fundi, hiyo imenichoma, lakini ni kweli tupu.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya gia, kwa kuwa ninataka kubaki na R380 na LT230. Matairi yangu ya 7.50R16 yanazunguka takribani mita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Difu ni 3.54, transfa kwenye gia ya barabarani ni 1.41, na gia ya tano ni 0.77. Nikienda kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka kama mara 2,050 kwa dakika. Hapo ni katikati kabisa ya nguvu za 1KZ na ni karibu sana na za 1HZ, kwa hiyo kwenye lami hakuna inayokataa gia zangu.

Kwenye transfa nzito, yaani gia za chini za kupandia, mambo ni tofauti. Uwiano wa transfa unakuwa 3.32, gia ya kwanza ni 3.69, na ukizidisha na difu unapata kama 43 kwa 1. Injini ikizunguka mara 800 tu, gari linatembea chini ya kilomita 3 kwa saa, yaani mtoto anaweza kulipita. Swali langu kwa fundi: nimesikia 1KZ huwa imelala chini ya mizunguko 1,500 kwa sababu turbo haijaamka, na 1HZ huvuta tangu inaponguruma bila kukanyagwa. Je, kwa uwiano wa 43 kwa 1 jambo hilo bado lina maana?

Fundi, Moshi

Kwenye mawe, lina maana ndogo kuliko watu wanavyosema, kwa sababu gia zimekwishafanya kazi ya injini. Kwenye korongo lenye mchanga, lina maana kubwa. Huko huwezi kuingia kwa kilomita 3 kwa saa, utazama. Unaingia na gia ya pili au ya tatu kwenye nzito, gari linapungua mwendo katikati, mizunguko inashuka hadi 1,300, na hapo ndipo unapoomba injini ivute bila kubadili gia. 1KZ inasita, dereva anakanyaga, turbo inaamka ghafla, matairi yanachimba. 1HZ inaendelea kuvuta tu, taratibu, bila kelele. Dereva mzuri anaizoea 1KZ. Tumekwisha kuzungumza kuhusu dereva.

Kitu kingine cha kuzingatia ni mkanda wa taimingi, maana nimeona uliuchukia baada ya ile safari ya trekta. Unadhani unaukimbia, lakini injini zote mbili hizi zina mkanda. Tofauti ni kwamba kwenye hizi za Toyota pampu ya diseli inazungushwa na gia za meno, na mkanda ni mfupi, unapanda kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali) peke yake. Kuubadilisha hakuhitaji kung'oa puli ya kreni (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kama kwenye 300Tdi. Kijana mwenye akili anaubadilisha kwa saa moja na nusu chini ya mti, mradi awe nao kwenye sanduku. Ubadilishe kila kilomita 100,000 bila kujadiliana na mtu.

Mchangiaji, Sharjah

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, niko huku kwenye maduka ya spea za mtumba mwaka wa kumi na moja, na injini nyingi mnazonunua hapo nyumbani zinapita mikononi mwetu, kwa hivyo nitasema ninayoyaona.

Kwanza, ukisikia 1HZ bei nafuu, uliza imetoka kwenye gari gani. Nyingi zinatolewa kwenye Coaster. Injini ni ileile, lakini umeme wake mara nyingi ni wa volti 24, kwa hivyo stata, alternata na plagi za kupasha moto havitakubaliana na Land Rover yako ya volti 12. Isitoshe sampu (bakuli la oili la chini) na vishikizo vyake vimekaa kwa ajili ya basi. Ukinunua hiyo utaanza kutafuta vifaa vya Hardtop kimoja kimoja, na utakapomaliza utakuwa umeshapita bei ya injini ya Hardtop kamili. Kwa upande wa 1KZ, uliza kama ni 1KZ-T au 1KZ-TE. Ile yenye E pampu yake inaongozwa na kompyuta, kwa hivyo bila nyaya zake na kompyuta yake, umenunua chuma. Wengi huagiza injini peke yake halafu wanatupigia simu kuuliza waya.

Pili, usikubali kuiona injini imeoshwa na kupakwa rangi ya fedha. Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha oili, utie kidole chini ya kifuniko cha vali. Tope jeusi zito ni habari mbaya. Zungusha kreni kwa mkono kwa spana, ihisi inavyokaza na kuachia kwenye kila silinda. Silinda iliyolegea utaijua hata bila kipimo. Kwenye 1KZ, mulika tochi ndani ya tundu la maji la hedi. Kutu nyekundu humo ina maana iliendeshwa na maji matupu, na hedi hiyo siichukui hata kwa zawadi.

Mleta uzi, Arusha

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa, na nimefanya kitu badala ya kusoma tu. Fundi wangu ana gereji ndogo, na jirani yake alikuwa na bloku tupu ya 1HZ iliyokufa. Tuliiomba, tukaining'iniza kwa cheni ndani ya gari langu, nyuma tukaiacha nafasi ya unene wa adapta na nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), kisha tukapima kwa utepe.

Ilikaa. Lakini ilikaa kama mtu mnene kwenye kiti cha daladala. Kati ya puli ya mbele na mahali rejeta ilipo sasa, feni ya asili haipiti. Bahati ni kwamba pua ya 110 imesogezwa mbele tangu ilipobuniwa, kwa sababu injini ya V8 ilihitaji nafasi, kwa hiyo rejeta inaweza kusogezwa mbele kwa kukata mabano na kuyachomelea upya bila kugusa chesisi. Na si mara ya kwanza kwa gari hili kuvalishwa silinda sita za mstari mmoja. Afrika Kusini waliwahi kuziunda Defender zenye injini ya petroli ya BMW ya lita 2.8. Tatizo la pili ni uzito. Springi za mbele itabidi ziwe za daraja zito, na kwa kuwa difu ya ekseli ya mbele iko upande wa kulia, tulikuta sampu inakaribia sana kwenye difu gari likibonyea. Fundi anasema vishikizo vya injini viinuliwe kidogo.

Kwa 1KZ, tulitumia vipimo vya gari la mteja mmoja, na hakuna kitakachohitaji kuguswa isipokuwa bomba la intakula.

Kwa hiyo kwa upande wa kufunga, ndogo imeshinda bila ubishi. Ningeomba fundi wa Moshi aseme neno kuhusu adapta, kwa kuwa hapo ndipo naona hatari kwa zote mbili.

Fundi, Moshi

Adapta ndiyo roho ya kazi hii, na kosa lake halionekani siku ya kwanza. Bamba linalounganisha injini ya Toyota na R380 lazima lichongwe mahali penye mashine ya uhakika, na kitovu cha kreni na kitovu cha shafti ya gia boksi viwe kwenye mstari mmoja kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Usikubali mtu akuambie amepima kwa jicho. Fungeni bamba kwenye bloku bila gia boksi, fungeni dial geji (kipimo cha mshale cha sehemu ndogo za milimita) kwenye flaiwili, zungusheni kreni kwa mkono, na mshale wa geji ukicheza, rudini kwenye mashine. Ukipuuza hilo, gari litatembea vizuri kwa kilomita 5,000, kisha bearingi ya mbele ya gia boksi itaanza kulia, na utamlaumu aliyekuuzia gia boksi.

Sahani ya klachi iwe na kitovu chenye meno ya Land Rover na kipenyo cha Toyota, kazi ambayo mafundi wa klachi wanaifanya kwa kuhamisha kitovu. R380 inaweza kubeba hadi Nm 380, kama jina lake linavyodokeza, kwa hiyo hakuna kati ya hizi mbili itakayoivunja zikiwa za asili. Ukiishia kuweka turbo kama ndugu wa Mbeya alivyopendekeza, hesabu nyingine zianze, pamoja na ekseli shafti za nyuma.

Mchangiaji, Mbeya

Nimeifuta kauli yangu ya turbo, mkuu. Lakini bado nasema 1HZ.

Mleta uzi, Arusha

Nimeamua, na ninaeleza sababu ili mwenye hali tofauti asinifuate kichwakichwa.

Nimechukua 1HZ, ya Hardtop, volti 12, ikiwa na stata, alternata na pampu yake. Kama gari lingekuwa la kwangu mwenyewe la kuendea Nairobi na mbugani wakati wa likizo, ningechukua 1KZ-T kesho asubuhi, kwa kuwa ndugu wa Nanyuki amenishawishi juu ya mwinuko, mafuta na uzito. Lakini Wasso na Loliondo, gari la hospitali, la polisi na la mradi wowote ule mara nyingi huwa ni Hardtop yenye 1HZ. Nozeli, pampu ya maji, mkanda, hata mtu anayejua kuufunga gizani, vipo. Na ile hesabu ya Nm 48 kwa kila pistoni dhidi ya 72 sikuweza kuitoa kichwani, nikiwaza dereva wangu akiwa katikati ya ule mpando saa nane mchana. Ninanunua injini ambayo ikikosewa haifi siku hiyohiyo.

Nimekwishaanza pia utaratibu wa kubadili namba ya injini na ujazo kwenye kadi ya gari. Ninawasihi wengine wasiliache hilo kwa mwisho, kwa sababu siku ya kuuza au siku ya ajali, kadi inayosema lita 2.5 juu ya injini ya lita 4.2 itazua maswali magumu.

Mleta uzi, Arusha *(baada ya miezi minne)*

Niliahidi kurudi. Gari limetembea kilomita 6,400 tangu lifungwe.

Mabaya kwanza. Kutoka Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu ninakwenda gia ya tatu nyuma ya malori, na Prado za watalii zinanipita zikipiga honi. Ukifika kwenye ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, moshi mweusi unaonekana kwenye kioo, kama tulivyoonywa. Mafuta yameshuka kutoka kilomita 9 na nusu kwa lita hadi 7 na robo. Oili ni lita 9 hivi kila ninapobadilisha, na mfuko unaisikia. Usukani wa polepole, hasa gereji, umekuwa wa kutumia mabega.

Mazuri: tumepanda kutoka Engaresero mara tano, mara mbili tukiwa na saruji mifuko kumi na miwili, na mshale wa joto haukupita katikati. Kwenye korongo moja kabla ya kufika Engaresero, dereva alisahau kubadili gia, injini ikashuka hadi ikawa unaweza kuhesabu mapigo yake, gari likatikisika, nikasubiri lizime. Halikuzima. Liliendelea kutoka kwenye mchanga kwa namna ya punda aliyeambiwa kitu asichokitaka. Dial geji ilikubali bamba mara ya tatu, baada ya kulirudisha kwenye mashine mara mbili, na mpaka sasa gia boksi haijalia.

Hardtop huwa na taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka muda wa mkanda unapofika. Land Rover haina. Kwa hiyo nimechukua kipande cha plasta nyeupe, nikakibandika juu ya saa ya mwendo, na kuandika kwa kalamu nene kilomita ambayo mkanda ulifungwa na kilomita ambayo lazima utoke. Dereva ameongeza chini yake, kwa mwandiko wake, namba ya simu ya fundi.